Mafunzo Niliyopata Nikiuza RV Yetu Mtandaoni

Wanangu walipohamia vyuoni, RV yetu ya Ford E-450 ilibaki uani inaungua jua la Texas. Nikaamua kuiuza mwenyewe, bila dalali. Wewe unayetaka kuuza yako na hela yote iingie mfukoni mwako, chukua haya.

1. Mnunuzi haangalii unakotaka aangalie

Tangazo langu la kwanza lilijaa picha za sofa na mapazia aliyoshona mama watoto. Nikaandika pia "matairi mapya", maana hayakuwa na kipara.

Akaja mzee mmoja. Mapazia hakuyatazama. Alipanda ngazi ya nyuma, akakagua gundi kuzunguka matundu ya hewa paani, akashuka na kuanza kubonyeza kuta kwa dole gumba kama anayechagua embe sokoni. Kisha akachuchumaa kwenye tairi, akanisomea tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT: 2315. Wiki ya 23, mwaka 2015.

"Mapya?" akauliza. Nikajikuna kichwa.

Mpira huchakaa kwa umri hata gari lisipotembea. Na adui mkubwa wa RV ni maji yanayovuja kutoka juu: mbao huoza ndani ya ukuta huku nje bado panang'aa. Katika tangazo la pili niliweka picha ya doa la dari, risiti ya fundi aliyeziba paa, na umri wa matairi. Nilidhani watu watakimbia. Simu ziliongezeka, tena za watu waliokuja na maswali ya maana.

2. Kumbukumbu hazina bei

Safari yetu ya Grand Canyon niliihesabu kwenye bei. Hakuna aliyeilipia. Tazama RV za mwaka na aina ileile zinauzwaje jimboni kwako.

3. Hundi si hela

Mmoja alikubali bei bila kuuliza hata maili. Angetuma hundi ya benki yenye ziada, ile ziada nimpe dereva atakayekuja kuichukua RV. Nilishaanza kuzipangia hela matumizi; binti yangu ndiye aliyenishtua. Benki inaweza kukuruhusu utoe hela kabla haijajua kuwa hundi ni feki. Ikigundulika, deni ni lako. Mkutane ndani ya benki ya mnunuzi, hundi itolewe mbele yako.

Na anayekuomba umsomee namba sita zilizoingia kwenye simu yako, eti ajue wewe si tapeli, anafungua akaunti ya Google Voice kwa namba yako. Mbloku.

4. Kukabidhi funguo si kumaliza

Texas inakupa siku 30 kuijulisha idara ya magari ya jimbo kwamba umeuza. Rafiki yangu alipuuza. Bili za barabara za kulipia zikawa zinamfikia Dallas, za gari linalozunguka Houston. Mimi niliongozana na mnunuzi hadi ofisi ya kodi ya kaunti, hati ikaanza kubadilishwa jina nikishuhudia. Nje nikakumbuka kwamba sikuwa nimefikiria nitarudije nyumbani. Nikaita Uber.