SOMO: Msamaha wa Malimbikizo ya Kodi ya Ardhi

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo chama chenye hati ya kiwanja cha ghala au ofisi kimepewa haki ya kukitumia kwa muda na kwa masharti. Sharti mojawapo ni kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Chama kisipolipa, deni huongezeka kwa riba, nacho chaweza kushtakiwa barazani. Deni likizidi kupuuzwa, hata hati yaweza kubatilishwa. Hivyo wanachama waweza kupoteza ghala walilolijenga kwa jasho lao, kwa sababu tu hapana aliyefuatilia stakabadhi.

Nani aweza kusamehe?
Ibara ya 138 ya Katiba yaeleza kwamba kodi hutozwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria. Kilichowekwa kwa sheria hakiondolewi kwa hisani ya ofisa. Ahadi ya mdomo, hata ikitolewa na mkubwa mbele ya mkutano, haifuti deni.

Msamaha wa mwaka 2022
Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa riba ya malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Muda wake wa kwanza ulikuwa hadi tarehe 31 Desemba 2022, kisha ukaongezwa hadi tarehe 30 Aprili 2023. Kilichosamehewa ni riba. Deni la msingi halikuguswa. Kulilipa ndani ya muda ndilo lililokuwa sharti la msamaha.

Tuseme chama kilidaiwa deni la msingi sh. 1,200,000 na riba sh. 900,000. Kililipa sh. 1,200,000 kabla ya siku ya mwisho, kikaokoa sh. 900,000. Chama jirani chenye deni kama hilo kilidhani "msamaha" maana yake ni kufutiwa yote, kikakaa kimya. Muda ulipokwisha, kilibaki na deni lake lote la sh. 2,100,000, na riba ikaendelea kuongezeka.

Wajibu wa katibu
1. Aweke jalada la kila kiwanja: hati, ankara na stakabadhi za miaka yote.
2. Asichanganye kodi ya pango na kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kwa njia ya ununuzi wa umeme. Kulipa moja si kulipa nyingine.
3. Msamaha ukitangazwa, asome tangazo lenyewe: ni kodi ipi, ni msingi au riba, na mwisho ni lini.
4. Asifute deni katika vitabu mpaka apate uthibitisho wa maandishi kutoka ofisi ya ardhi.
5. Aueleze mkutano mkuu deni lilivyo, bila kulificha.

Msamaha ni nafuu ya mara moja, nao hauji kwa ratiba. Chama kinachoacha kulipa kwa kungojea msamaha mwingine chahatarisha mali ya wanachama wake.

Maswali ya majadiliano
1. Chama chetu kina viwanja vingapi, na kodi ya kila kimoja imelipwa hadi mwaka gani?
2. Je, msamaha wa riba ni haki kwa chama kilicholipa kodi yake kila mwaka? Toeni sababu.