Hesabu Watu Kabla ya Kuhesabu Saa

Kinyarwanda kina hazina ya sauti ambayo lugha nyingi za Afrika hazina. Kuanzia 2019, Mozilla, shirika la Ujerumani la GIZ na kampuni ya Digital Umuganda ya Kigali walihamasisha watu kusoma sentensi kwa ajili ya mradi wa Common Voice, hadi rekodi zikapita saa 2,000. Yeyote anaweza kuzipakua bure. Kwa hiyo kijana wa Kigali anayetaka kuifundisha kompyuta kusikia lugha hii hawezi tena kulalamikia uhaba wa data.

Lakini kabla hujagusa modeli yoyote, fungua jedwali linalokuja na rekodi hizo, utafute safu yenye utambulisho wa siri wa kila msemaji, kisha uhesabu watu. Utakuta ni takriban 1,100 tu. Piga hesabu: ni karibu saa mbili kwa kila mtu, na huo ni wastani, maana wapo waliosoma mno na wapo waliosoma sentensi chache wakaaga. Saa ni nyingi, makoo ni machache.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anachukua faili kubwa la rekodi zilizothibitishwa, anazichanganya, anatenga sehemu ya kumi kuwa mtihani. Matokeo yanapendeza sana, kwa sababu sauti zilezile zilizofundisha modeli ndizo zinazoitahini. Ni sawa na mwanafunzi aliyeuona mtihani usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ipeleke modeli hiyo kwenye kituo cha mabasi cha Nyabugogo, ikutane na kondakta ambaye haijawahi kumsikia, uone. Gawa data kwa mtu, kamwe usigawe kwa rekodi: msemaji aliyeko upande wa mafunzo asionekane upande wa mtihani hata kwa sentensi moja. Common Voice wenyewe huweka mgawanyo wa namna hiyo tayari kwenye mafaili yao. Anza na huo.

Baada ya hapo, tazama sauti. Pakua Praat, programu ya bure iliyotengenezwa Amsterdam, fungua rekodi moja na uangalie spektrogramu yake: muda unakwenda kulia, masafa yanapanda juu, na weusi unaonyesha palipo na nguvu. Rekodi yenye sampuli 16,000 kwa sekunde inaweza kubeba masafa hadi hezi 8,000, kwa hiyo herufi kama “s” na “sh” zitaonekana kama moshi mzito sehemu ya juu. Ukiona moshi umekatwa kwa mstari mlalo kwenye hezi 4,000 na juu yake ni peupe, rekodi hiyo imewahi kupita katika laini ya simu au kifaa cha sampuli 8,000, hata kama faili linadai vinginevyo. Kuiongezea sampuli hakurudishi kilichopotea. Nami nashauri kinyume chake: ikiwa huduma yako itapokea simu za kawaida, ishushe data yako yote ya mafunzo hadi sampuli 8,000 na ukate masafa yabaki kati ya hezi 300 na 3,400. Modeli izoee mapema hali itakayofanyia kazi.

Kukata sauti vipande ni jambo lililokwisha kuzoeleka: kila kipande milisekunde 25, unasogea milisekunde 10, kila kimoja unakipima nguvu katika mikanda 80 iliyopangwa kwa kadiri sikio linavyosikia. Maktaba nyingi za programu hufanya hivyo zenyewe. Cha kuangalia ni kidatu cha sauti. Kinyarwanda kina toni, na maandishi ya kawaida hayazionyeshi. Ukitaka kuzichunguza, pima kidatu peke yake. Weka mipaka ya hezi 75 hadi 300 kwa wanaume, 100 hadi 500 kwa wanawake. Ukiiacha mipana mno, Praat inaweza kurukia kidatu mara mbili ya halisi, na utaiona mistari ya buluu ikipaa ghafla bila sababu.

Kelele za mji usizisafishe. Programu za kusafisha hula pia konsonanti, na modeli mara nyingi hufanya vibaya zaidi baada ya usafi huo. Nenda urekodi mwenyewe pikipiki za Remera na mvua ya Aprili juu ya mabati, kisha uzichanganye na sauti safi wakati wa mafunzo kwa viwango tofauti.

Modeli, usianze sifuri. Whisper ya OpenAI ya 2022 inakijua Kiswahili, lakini Kinyarwanda hakimo katika orodha yake. Ukiilisha Kinyarwanda, itakuandikia maneno ya kubuni bila haya. Chukua MMS ya Meta, au modeli ambazo NVIDIA ilifundisha kwa data hiyohiyo ya Common Voice, uziendeleze kwa mazungumzo yako. Nasema mazungumzo kwa makusudi: mtu wa Nyamirambo huanza kwa Kinyarwanda, akataja bei kwa Kifaransa, akamalizia kwa Kiswahili, na hakuna anayesoma sentensi za Common Voice kwa namna hiyo.

Unapotoa alama, hesabu makosa ya herufi pamoja na ya maneno. Msemaji akisema “sinzabibabwira”, yaani sitawaambia hayo, na mashine ikaandika “sinzababwira”, imedondosha herufi 2 kati ya 14. Kwa hesabu ya maneno imekosa asilimia 100.

Kutambua ni nani anayesema ni kazi nyingine. Modeli kama ECAPA-TDNN hugeuza sauti kuwa safu ya namba 192, kisha unapima jinsi safu mbili zinavyofanana. Alama ya kukubali au kukataa usiinakili kutoka kwenye mafunzo ya watu wengine; itafute kwa sauti za hapa, ukilinganisha wanawake kwa wanawake, ndugu kwa ndugu. Kila mtu arekodiwe kwa simu zaidi ya moja, la sivyo mashine itajifunza kutambua simu. Na usiifanye sauti kuwa ufunguo pekee wa pesa za mtu, maana sauti siku hizi zinaigizwa na kompyuta.

Rekodi za Common Voice usizitumie kusaka utambulisho wa waliozitoa. Masharti yao yanakataza. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 nayo huweka taarifa za kibaiometriki katika kundi nyeti. Kwa hiyo omba ridhaa ya maandishi, warekodi watu wako kwa siku mbili tofauti, na kwenye fomu hiyohiyo andika tarehe utakayozifuta sauti zao.