Dondoo muhimu: Uzito wa kidonge cha manati

Mtama na ulezi vinapoanza kukomaa Tarime na Serengeti, kuamia ndege huwa kazi ya kutwa, na manati ni silaha ya karibu. Tatizo ni kuokota jiwe lolote. Lenye pembe hupinda njiani. Bora zaidi ni vidonge vya udongo wa kichuguu, vifinyangwe viwe mviringo, vya ukubwa mmoja, kisha vikaushwe kivulini visipasuke. Vikilingana uzito, mkono huzoea shabaha upesi.

Uzito huzingatiwa hata kwenye bunduki za michezo zinazorusha gololi za plastiki za milimita 6: ya gramu 0.20 hutoka kwa kasi zaidi, ya gramu 0.25 hutoka polepole kidogo lakini haiyumbishwi sana na upepo. Basi kwenye manati, mpira laini upewe kidonge chepesi, mpira mgumu kizito.

Kwelea kwelea, mmoja wa ndege hao, ana gramu 20 hivi, hivyo si lazima umpige. Kidonge kikichakarisha majani jirani, kundi zima huruka.

Tembo wakitoka hifadhini, manati iwekwe chini. Jiwe huwachokoza tu. Watu wakae mbali, na askari wa wanyamapori waitwe mapema kupitia uongozi wa kijiji.