Dondoo Muhimu: Kulizuru Kasri la Gede

Mgeni aazimiaye kulizuru kasri la Gede, lililo katika magofu ya mji wa kale msituni, kiasi cha kilomita 15 kusini ya Malindi, na afike asubuhi mapema, kabla jua halijapata nguvu. Matatu za Mombasa zitamteremsha njia panda ya Gede, na kutoka hapo mwendo ni mfupi. Avae viatu vya kufunika vidole, maana mizizi imetambaa kila njia, wala asishike ndizi mkononi, kwani kima wa pale hawamwogopi mtu.

Ndani ya kasri asifanye haraka. Apite chini ya tao la lango, ashuke katika nyua zilizochimbwa chini kuliko vyumba, na azitazame kwa karibu kuta za mawe ya matumbawe na chokaa; kisha aingie katika nyumba za matajiri zilizo ubavuni, ambazo mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, aliziita kwa vitu alivyovifukua humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, na hata Nyumba ya Ushanga wa Venice. Hapo, kwa rai yangu, ndipo utukufu wa mji ule udhihirikapo zaidi.

Kaburi lenye tarehe ya Hijra 802, yaani 1399, asilikose. Msikitini na makaburini adabu ni lazima, na kupanda kuta kwa ajili ya picha ni dhuluma kubwa. Mwenye wasaa apitie pia mradi wa Kipepeo, ulio karibu na lango, akanunue asali ya wenyeji wa msitu wa Arabuko-Sokoke.