Injini Inapotetemeka Baada ya Matengenezo
Basi lililobadilishiwa chujio la dizeli asubuhi, kisha likatetemeka na kuzimika katika milima ya Kabale, mara nyingi halina ubovu wa nozeli: limeingiwa na upepo. Injini ikizimika, usukani huwa mzito, na kila dereva akanyagapo breki nguvu yake hupungua.

Twawasihi madereva, kabla ya kununua kipuri chochote, wakague kilichoguswa mwisho. Mpira wa chujio umekaa sawa? Nati za paipu zimekazwa? Legezeni skrubu ya kutolea upepo, pigeni pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, ndipo mkaze. Paipu za nozeli za injini za kisasa msiziguse injini ikiunguruma. Shinikizo lake hupenya ngozi. Abiria wasubiri mpaka mngurumo utulie.