Maoni ya Msomaji kuhusu Vita katika Chozi la Heri

Swali la insha katika Karatasi ya Tatu likianza kwa "Jadili" au "Thibitisha ukweli wa kauli hii", linakutaka uwe na msimamo, kisha uutetee kwa yaliyomo riwayani. Alama 20 za swali kama hilo hupotea kwa urahisi pale mtahiniwa anapokuwa na maoni makali lakini hana tukio hata moja la kuyashikilia. Hapa tutaangalia maoni ambayo wasomaji hutoa mara kwa mara kuhusu vita katika Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, na namna ya kuyapima.

Maoni ya kwanza ni kwamba humu hamna vita, ni fujo tu za uchaguzi. Anayesema hivi huwa amezoea hadithi za vita zenye majenerali, nyambizi na ramani. Mfano ni Red Storm Rising ya Tom Clancy, iliyotolewa mwaka wa 1986, inayobuni vita vya dunia baina ya NATO na Muungano wa Kisovieti. Katika hadithi za aina hiyo msomaji hufuata mipango ya makamanda na nguvu za silaha. Matei naye anabuni nchi, Wahafidhina, lakini vita vyake anavionyesha kutoka uani kwa mtu. Ridhaa anabaki kwenye majivu ya nyumba iliyoteketea pamoja na mkewe Terry. Kaizari anashuhudia binti zake, Lime na Mwanaheri, wakitendewa unyama. Selume anatengana na watu wa mumewe kwa sababu ya ukabila.

Na mwanajeshi wa riwaya yuko wapi? Mwangeka yuko Mashariki ya Kati akidumisha amani ya watu wengine. Anaporudi, mkewe Lily na mtoto wao wamekwisha kufa motoni. Hiki ni kinaya kizito, na ajabu ni kuwa watahiniwa wengi hukipita. Ukiulizwa kuhusu kinaya au kuhusu athari za vita, anza na Mwangeka.

Maoni ya pili, ambayo ndiyo yanayoandikwa zaidi, ni kwamba vita vililetwa na uchaguzi. Mwekevu, mwanamke, alimshinda Mwanzi, wafuasi wa aliyeshindwa wakakataa matokeo, ghasia zikazuka. Hoja hiyo ni sahihi, lakini ni nusu ya jibu.

Ninyi mnaosomea Cheptais, Kopsiro au Kapsokwony mnaweza kuliona hili upesi kuliko wengine. Mapigano ya Mlima Elgon hayakungoja kura za Desemba 2007. Kundi la SLDF lilikuwa limeanza kushambulia watu tangu 2006, na chanzo kilikuwa ugawaji wa mashamba ya Chepyuk: nani alipewa, nani aliachwa. Siasa za uchaguzi zilikuja kuchochea moto uliokuwa ukiwaka. Serikali ilipotuma jeshi Machi 2008 katika Operesheni Okoa Maisha, wanaume wengi walikamatwa, na zipo familia ambazo hadi leo hazijui wao waliishia wapi. Wengi wenu mmeyasikia haya nyumbani, hata kama yanasemwa kwa sauti ya chini.

Basi mfanyeje na mnayoyajua? Msiyaandike kwenye kijitabu cha majibu. Mtahiniwa anayejaza kurasa mbili kwa yaliyompata babu yake anaweza kumliza mtahini, lakini alama hapati, kwa kuwa swali ni la riwaya. Yatumieni kuuliza kitabu swali ambalo mtu wa mbali hangelifikiria: kabla ya nyumba kuchomwa, ardhi hii ilikuwa na maneno gani?

Rudi sasa kwa Ridhaa ukiwa na swali hilo. Alihamia Msitu wa Heri akiwa mtoto, na shuleni wenzake walimwita mfuata mvua. Alikua, akasoma, akawa daktari, akajenga, akaishi kwa ujirani mwema na Mzee Kedi miaka na miaka. Uchaguzi ulipokuja, ni Mzee Kedi huyohuyo aliyehusika kuiangamiza familia yake. Jina la utotoni lilikuwa limelala, halikuwa limekufa. Mwandishi pia anaturudisha nyuma hadi siasa za ardhi za enzi ya ukoloni. Kwa hiyo hoja kamili itasomeka hivi:

"Uchaguzi ni kichocheo cha vita, lakini mizizi yake ni ardhi na ukabila. Ridhaa anaitwa mfuata mvua akiwa mtoto, na baadaye jirani yake, Mzee Kedi, anashiriki katika kuiteketeza familia yake."

Sentensi mbili tu. Zina msimamo, zina sababu, zina wahusika na tukio.

Maoni ya tatu ni kwamba mwisho wa riwaya ni mtamu kupita kiasi. Umu, Dick na Mwaliko wanakutana tena kwa sadfa, kila mmoja akiwa amepitia njia yake. Mimi nakubali kwamba sadfa ni nyingi. Wewe unaweza kukataa, ukasema mwandishi anatibu majeraha kupitia familia za kupanga, kama ya Mwangeka na Apondi iliyomlea Umu. Majibu yote mawili hupata alama yakithibitishwa.

Maswali ya mazoezi

1. "Anayelinda amani ya wengine hukosa ya kwake." Jadili kauli hii ukirejelea Mwangeka. (alama 10)

2. Uchaguzi ni kisingizio tu cha vita katika Chozi la Heri. Thibitisha. (alama 20)

3. Je, mtu anaweza kuwa jirani mwema kwa miaka mingi na bado akawa adui? Jibu kwa kumrejelea Mzee Kedi. (alama 10)