Koyama: Mwongozo wa Msafiri Apendaye Kuwinda na Bahari

Koyama hakuna paa wa kuwinda. Kisiwa ni mwamba wa matumbawe, mchanga na vichaka, na kitoweo cha wenyeji hutoka majini. Msafiri aliyezoea kufuata nyayo porini ajue kwamba huku kinachosomwa ni rangi ya maji, upepo na mwezi, na msomaji wake ni nahodha. Mtafute nahodha kabla hujatafuta tikiti ya ndege. Akisema leo hatutoki, hamtoki.

Kisiwa hiki ni kimoja cha visiwa vya Wabajuni, vilivyojipanga sambamba na pwani kuanzia kusini mwa Kismayo hadi karibu na Ras Kiamboni, mpakani mwa Kenya. Visiwa vikubwa vyenye watu ni Koyama, Chovai na Chula. Lugha ya nyumbani ni Kibajuni, na ndugu wa watu hawa wako Kiunga, Faza, Lamu na Mombasa. Ukizungumza Kiswahili utaelewana nao, lakini mazungumzo yao wenyewe kwa wenyewe yatakupita mwanzoni. Sikiliza, usiwasahihishe.

Nani aende, nani asubiri

Nasema wazi: safari hii haimfai kila mtu. Serikali nyingi za nje, Uingereza na Marekani zikiwemo, zinawaonya raia wao wasiende Somalia kabisa. Kismayo ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab tangu 2008 hadi 2012, walipoondolewa na wanajeshi wa Kenya na Somalia. Leo mji uko chini ya serikali ya Jubaland, lakini ukitoka nje ya mji, mashambani na misituni mwa Jubba ya Chini, hali ni nyingine.

Wanaokwenda Koyama ni Wabajuni wanaorudi kuona jamaa zao, wanunuzi wa samaki, watafiti na watu wa mashirika. Kama huna mwenyeji anayekujua kwa jina, ama Kismayo ama kisiwani kwenyewe, usisafiri bado. Mwenyeji ndiye atakayekuombea ruhusa kwa wakuu wa mji na wa bandari, atakayekuchagulia chombo, na atakayejua habari za asubuhi hiyo ambazo hakuna gazeti litakalokuandikia.

Njia ni ndege hadi Kismayo, kisha boti. Habari za viza ziulize ubalozi wa Somalia karibu na tarehe ya safari, maana taratibu hubadilika. Usikubali kupitishwa kwa boti kutoka Kiunga hata ukiambiwa ni mwendo mfupi. Mpaka wa baharini baina ya Kenya na Somalia ulifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikatoa hukumu Oktoba 2021, na Kenya ikaikataa hukumu hiyo. Mgeni atakayekamatwa kwenye maji hayo hana karatasi itakayoridhisha pande zote mbili.

Upepo kwanza

Miezi mizuri ni kuanzia Oktoba hadi Machi. Oktoba na Novemba ni matlai, bahari imetulia. Kuanzia Disemba huvuma kaskazi, na maji hubaki safi kiasi cha kuona chini. Kusi huanza Aprili au Mei, na Juni hadi Agosti mawimbi huwa makubwa, vyombo vidogo hupandishwa pwani, na wavuvi hushona nyavu. Ukiingia kisiwani miezi hiyo unaweza kukwama, na nahodha atakayekukubalia kutoka kwa sababu umempa dola zaidi ni nahodha wa kuogopwa.

Angalia pia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, mwamba ukabaki wazi mbali kabisa. Hizo ndizo siku za kutembea kwa miguu kutafuta pweza na kombe. Vaa viatu vya mpira vyenye soli nene. Matumbawe hukata, na vidonda vyake hupona polepole kwenye joto na chumvi. Buruta miguu unapopita kwenye mchanga wenye maji, taa akusikie aondoke, kwani mwiba wa mkia wake una sumu. Ukichomwa, tia mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, kisha tafuta boti ya kurudi Kismayo. Geuka kurudi ufukweni maji yanapoanza kujaa. Wageni huchelewa hapa, kwa kuwa maji hujaza mikondo ya nyuma yao kwanza wakati wao bado wanatazama mbele.

Uwindaji wa chazo

Hili ndilo jambo ambalo lingetosha kumleta mtu Koyama. Wabajuni, wa Somalia na wa Kenya, ni mabingwa wa kuwinda kasa kwa kutumia samaki. Samaki huyo ni chazo. Juu ya kichwa chake ana kibao bapa chenye mbavu ndogo ndogo zilizopangana, na kwa kibao hicho hujigandisha kwa papa, kwa kasa, hata kwa ubao wa chombo. Mvuvi humvua akiwa hai, humfunga uzi kwenye shina la mkia, na kumweka majini ndani ya chombo au akiwa amejigandisha ubavuni mwa chombo.

Kasa akionekana akipumua juu ya maji, nahodha hupunguza mwendo na watu hunyamaza. Chazo hutupwa upande wa kasa na uzi huachiliwa. Akisha kujigandisha kwenye gamba, mvuvi huhisi uzi unakwenda kwa uzito mwingine. Sasa kazi ni ya mkono. Ukivuta uzi kuelekea mkiani mwa chazo, zile mbavu za kibao hujikaza zaidi, ndiyo maana hatoki. Lakini ukivuta kwa pupa, kinachokatika ni uzi au mkia wa samaki. Kasa mdogo huvutwa hadi chomboni. Mkubwa hufuatwa kwa uzi na mpiga mbizi akatiwa kamba. Kumbandua chazo baadaye hakuhitaji nguvu yoyote: msukume mbele, upande wa kichwa chake, ataachia mwenyewe. Anayemvuta nyuma hajawahi kufundishwa na Mbajuni.

Ufundi wa kuwinda kasa pwani hii ni wa kale sana. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja magamba ya kasa kuwa bidhaa ya pwani ya Afrika Mashariki, na kinaeleza kuhusu vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na matenga ya kutegea kasa kwenye mikondo ya maji. Katika miaka ya 1950 Mtaliano Vinigi Grottanelli aliandika kitabu kizima juu ya wavuvi wa Kibajuni wa Somalia. Ukiweza kukisoma kabla ya kwenda, kisome.

Lakini wewe usiombe kuwindiwa kasa. Kasa wa baharini wa aina zote wamekatazwa katika biashara ya kimataifa, na ng'amba, mwenye gamba lenye thamani kuliko wote, yuko karibu kutoweka duniani. Mwombe nahodha akuonyeshe chazo alivyo, namna uzi unavyofungwa, namna anavyojigandisha kwenye ubao. Wazee watakusimulia yaliyobaki, na watasimulia vizuri kuliko utakavyoona kwa macho ukiwa umeinama ubavuni mwa chombo unatapika.

Uvuvi wa kushiriki ni mwingine. Toka na mshipi alfajiri utafute changu na chewa, au fuatana na mwenye madema akayainue mwambani. Dema hutegwa mdomo ukielekea njia ya samaki, hutiwa mawe lisichukuliwe na mkondo, na mwenyewe hulikumbuka kwa kulinganisha mti wa kisiwani na kilima cha bara, bila chombo chochote cha satelaiti. Vijana hupiga mbizi kutafuta kamba, ambaye ndiye mwenye bei. Ukimwona kamba jike mwenye mayai chini ya tumbo, sema arudishwe, na kama umeshamlipia mrudishe wewe.

Bara ng'ambo

Utauona msitu wa bara, na utaulizia wanyama. Wapo. Upande wa kusini, nyuma ya kijiji cha Buri Kavo, ndiko kuna hifadhi ya Lag Badana, na nchi yote hiyo hadi Kenya ni ya dikidiki, kulungu na nyati. Ni nchi pia ya Waboni, wawindaji wa upinde na mishale ya sumu, ambao wa upande wa Kenya walinyang'anywa riziki yao pale serikali ilipopiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977. Ndani zaidi, kuelekea Garissa, kuna hirola, swala ambao duniani kote wamebaki chini ya 500. Katika hifadhi ya Ishaqbini baadhi yao walizungushiwa uzio mwaka 2012 ili wazaliane kwa usalama.

Usivuke kwenda huko kuwinda, wala kupiga picha. Misitu hiyo ndiyo maficho ya watu wenye silaha, na mgeni mwenye bunduki, hata ya ndege, atahesabiwa kuwa mmoja wao na upande mmoja au mwingine. Nyama ya porini ukiuziwa, usinunue.

Nyumba ya watu

Chukua maji yako. Kisiwa hakina mto, visima vina chumvichumvi, na maji ya mvua ni mali. Madumu ya kukutosha wewe na ziada ya mwenyeji ni zawadi inayoeleweka kuliko nguo. Chukua dawa za malaria, chandarua, taa ya jua, na jaketi la kuokolea, kwani si kila chombo kina la ziada. Hospitali iko Kismayo. Pesa ni dola za Marekani za noti ndogo, safi zisizochanika. Bei ya chombo, mafuta na ujira wa mabaharia afikianeni kabla ya kung'oa nanga, mbele ya mwenyeji.

Chakula ni samaki, wali, mkate wa mofa na chai. Kula ulichopewa, kwa mkono wa kulia. Wanaume wavae kikoi au suruali ndefu hata ufukweni, wanawake wajistiri hadi kichwani. Adhana ikilia, safari husubiri. Kwa mkubwa anza wewe na salamu alaikum, muulize hali ya nyumbani na ya bahari, kisha nyamaza akuulize yeye. Mgeni mwanamke ataelekezwa kwa kina mama, na huko atajua mambo ya kisiwa kuliko wanaume wote waliobaki barazani.

Jambo la mwisho ndilo gumu. Vita vya 1991 viliwatoa wengi visiwani, wakakimbilia Mombasa, wakaishi kambini kwa miaka. Baadaye baadhi waliomba hifadhi Uingereza, na huko wakahojiwa na maofisa majina ya vijiji, visiwa na koo ili wathibitishe kwao. Serikali ilipoanguka, meli za kigeni zilivua bahari hii bila kibali, zikiwararulia wavuvi nyavu. Kwa hiyo mgeni anayefika na daftari na kamera, akaanza kuuliza ukoo wako upi, samaki wako wapi, nani aliuawa, anafanana na watu waliowahi kuwaumiza. Weka daftari kando. Usipige picha mtu, chombo wala kaburi bila ruhusa. Usiokote kigae wala jiwe kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliyapima, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1969, na yaliyoandikwa hayana maana yakibebwa mfukoni.

Ukitaka kuwafaa watu wa Koyama, nunua samaki na kamba kwa mvuvi mwenyewe, kwa bei mliyokubaliana, na umlipe siku hiyo hiyo. Na kokote utakakouziwa bangili au kitana cha gamba la ng'amba, Kismayo, Lamu au Mombasa, kataa.